Ndani, lakini na nani?

Saa nane mchana, mwezi wa pili, Tandika. Umeme ulikatika nikiwa uani nafua nepi na wala sikujua kama umekatika, maana uani hakuna cha kukwambia, redio ya jirani siku hiyo haikuwashwa, jua linawaka, mapovu mpaka kwenye viwiko, nipo na wapangaji wenzangu wawili tunapiga stori. Mtoto yuko chumbani. Siku ya 19 tangu nimzae. Nilikuwa nimemnyonyesha akashiba, nikamlaza katikati ya kitanda, nikamfunika kanga, nikawasha feni, nikashusha pazia, nikafunga mlango ili watoto wa nyumba wasimwamshe, nikatoka kwa kunyata.

Nilikaa huko kama dakika 40 hivi.

Nilipofungua mlango nilipokewa na joto. Chumba chetu kina bati juu na silingi bodi nyembamba, feni ikisimama saa nane mchana humo ndani ni kama umefunua sufuria inayochemka. Mtoto yuko palepale nilipomwacha ila kanga imepanda. Miguu yote iko nje, kanga imejikusanya kifuani na usoni, ile kanga niliyoletewa zawadi yenye maandishi NANI KAMA MAMA, na maandishi yamekatiza juu ya pua yake, kitambaa kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka.

Niliivuta. Kofia imelowa, nywele zimeganda kwenye paji la uso, shingo inateleza kwa jasho. Akafumbua macho akaniangalia. Hakulia.

Hakuna kilichotokea, nasema mapema ili usisome huku roho iko juu. Alinyonya, akakojoa, akalala tena. Ila mimi kile kitambaa kinachopanda na kushuka nimetembea nacho wiki saba sasa, nikifunga macho nakiona, nikipika nakiona, na swali lenyewe ukilisikia ni dogo sana hata kuuliza watu nilikuwa naona aibu.

Mtoto mchanga, mchana, alazwe wapi?

Mito pande zote

Najua wengi wetu tunafanya nilivyofanya. Kitanda cha watu wazima, futi tano kwa sita, mto kushoto, mto kulia, blanketi zito limekunjwa miguuni, mtoto katikati. Tunasema asije akadondoka. Lakini mtoto wa siku 19 hajui kubiringika, sasa ile mito nilimwekea ya nini? Nimekaa nimefikiria hilo jambo mpaka nimechoka. Niliiweka ili mimi nikiwa uani roho itulie, na kumbe kama kuna kitu kingemziba pumzi ukiacha ile kanga basi ni hiyohiyo mito.

Na ule mlango.

Nilikuwa naamini usingizi wa mtoto unataka giza na kimya. Kumbe mtoto mchanga analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku nzima, vipande vipande, lisaa, masaa mawili, ananyonya, analala tena, na yeye hajui huu ni mchana au usiku. Saa ya mwili wake inaanza kujipanga akiwa na miezi miwili, mitatu, na kinachoisaidia kujipanga ni mwanga wa mchana na kelele za mchana zilezile nilizokuwa nazifungia mlango. Huyu katoka tumboni, miezi tisa mapigo ya moyo wangu na tumbo linalonguruma vyote viko juu ya sikio lake, leo nimnyamazishie nyumba nzima kwa ajili gani.

Kimya nilikitaka mimi.

Hili limenichukua muda kulisema. Nilikuwa nimechoka vibaya mno, usiku naamka mara tano, mshono unauma, nilitaka nipate muda kidogo ambao hakuna mtu ananihitaji. Hakuna ubaya kuutaka huo muda, mpaka leo naamini hivo. Ila nilijidanganya kwamba nafunga mlango kwa ajili ya usingizi wake.

Wiki ya kochi

Baada ya siku ile nikashindwa kumweka chini. Nikimlaza tu mkono unarudi wenyewe kugusa kama anapumua. Nikaamua bora nimshike, mchana kutwa niko naye kwenye kochi sebuleni, kalala kifuani kwangu, runinga inaonyesha bila sauti, nikijiambia hapa sasa hakuna kanga wala joto wala mlango, yuko na mama yake, pahali gani salama kuliko hapa.

Siku ya tatu nikasinzia.

Mama yangu alikuwa ameenda sokoni. Nilichozindukia ni kifua chepesi. Unajua ule wepesi, kitu kilikuwa hapa na sasa hakipo. Mtoto alikuwa ameteleza taratibu mpaka kwenye ule mfereji kati ya kiti na egemeo, pale ambapo rimoti na sarafu huwa zinapotelea, uso umeelekea kwenye sponji, mgongo wake umebanwa na mkono wangu mwenyewe. Mama ndo alikuwa anaingia na kapu. Aliliachia kapu, nyanya zikasambaa, akamchomoa mtoto, akamgeuza, akamsugua mgongo mpaka akalia.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kalale mwanangu. Huyu niachie."

Baadaye nikaja kusoma kwamba kochi ni moja ya sehemu mbaya kuliko zote za mtu mzima kusinzia na mtoto mchanga. Kule Uingereza kuna taasisi inaitwa Lullaby Trust inayoshughulika na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, wao wanasema kusinzia naye kwenye kochi kunaweza kupandisha hatari ya vifo hivyo mpaka mara 50. Nilisoma hiyo sentensi nikiwa nimekaa kwenye kochi lilelile. Nikahamia chini.

Woga wangu ulinitoa pabaya ukanipeleka pabaya zaidi, na kote nilikuwa nafanya kwa mapenzi, ndo maana nasema usimcheke mama yeyote ukimkuta kamlaza mtoto pasipostahili. Muulize kalala masaa mangapi usiku.

Mama na mume wake

Mama alitoka Muheza kuja kunitunza uzazi. Mjukuu anamwita "mume wangu", kama bibi wote wa kwetu, asubuhi akiamka neno la kwanza, "Mume wangu kaamkaje?" Kaja na mkaa wake, ubani wake, pilipili manga ya kutia kwenye uji, na sheria zake.

Sheria ya kwanza mtoto hatoki nje kabla ya arobaini. Ya pili haonekani ovyo. Uzi mweusi alimfunga siku ya saba, nikamwambia mkononi sawa ila shingoni hapana mama, shingoni uzi unaweza kumkaba, akakubali shingo upande. Ubani nao nikamwomba chetezo kikiingia chumbani mlango na dirisha viwe wazi, na kikitoka kitoke kabisa kisibaki na makaa humo ndani, maana makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua hata watu wazima. Hilo hakubishana, kuna familia kijijini kwao iliwahi kuondoka hivo msimu wa mvua.

Tuliposhindwana ni mahali pa kulala mchana. Mimi baada ya yale mawili nikasema alale sebuleni tulipo. Mama akasema haiwezekani. Sebuleni kwetu ni njia, jirani anaingia hodi ikiwa bado mdomoni, mtu kaja kuomba chumvi, mtu kaja na maneno yake, huyu ana mkono mzito, yule ana jicho baya, na mtoto hajafika arobaini. Mtoto ni wa ndani, chumbani, ndo ilivyokuwa na ndo itakavyokuwa.

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Mama, huko ndani ndiko alikotaka kunifia."

Akanyamaza. Akaenda jikoni akakoroga uji, muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Kuhusu husda sina ubishi mkubwa na mtu. Kabla sijazaa ningekwambia siamini. Ukishakuwa na mtoto wa siku 20 mikononi unakuta huna ujasiri wa kukataa kitu chochote ambacho mama yako anasema kinalinda, unasema basi na hiki nacho kiwepo. Sikutaka kumshinda mama. Nilitaka mtoto awe mahali namwona.

Usiku na simu

Kwa wiki kadhaa usiku nikinyonyesha nasoma kwenye simu. Zamani, huko Ulaya na Marekani, wazazi waliambiwa walaze watoto kifudifudi, na waliowaambia ni wataalamu wenyewe, wakihofia mtoto akitapika akiwa chali atapaliwa. Miaka na miaka. Ilipogundulika kwamba waliolazwa kifudifudi ndio wanaokufa zaidi usingizini, Uingereza wakaanza kampeni ya kulaza chali 1991, Marekani 1994, na vifo hivyo vikapungua zaidi ya nusu. Kwa kubadilisha tu upande wa mtoto kulala.

Hilo lilinipa matumaini na likaniogopesha hapohapo. Kama wao walikosea vile, mimi nisome hivi vya leo kwa imani gani? Mama akaniongezea, "Nyie wote nimewalaza kifudifudi, mko wapi sasa hivi?" Tuko hai. Ila nikamkumbusha mdogo wangu wa kabla ya huyu wa mwisho, ambaye alikutwa tu asubuhi ameondoka, hatukuambiwa lolote, watu walisema ni mapenzi ya Mungu tukazika. Sijui alikufa na nini na simsingizii mtu. Mama aliangalia dirishani. Tangu siku ile mtoto analazwa chali na mama ndo wa kwanza kusema.

Kingine nilichokutana nacho ni kwamba hao Lullaby Trust wanataka mtoto kwa miezi 6 ya kwanza alale kwenye chumba kimoja na mtu wake, mchana na usiku. Mchana pia! Mimi nilidhani hayo ni mambo ya usiku. Na madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2022 wanasisitiza godoro gumu, lililonyooka bila mwinuko, halina mto halina blanketi laini halina midoli, peke yake pale juu. Nikaangalia ile seti niliyonunuliwa Kariakoo, mto mdogo wa maua, kigodoro kinachobonyea, vile vimito vya pembeni. Vyote nikaviweka kwenye mfuko juu ya kabati.

Halafu nikakuta Dar es Salaam yangu humohumo. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2021, wa watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana, kilo moja mpaka 1.8, ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na hapa kwetu ilikuwa Muhimbili. Waliangalia mtoto akianza kubebwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri kwanza atulie kwenye mashine. Vifo vikapungua kwa robo. Nikamwambia jirani yangu wa chumba cha tatu, ambaye mwanae alizaliwa na kilo 1.6 akambeba kangaruu, akaniambia sikuhitaji utafiti dada, mimi nilikuwa nalala nimeegemea, kafungwa kifuani na kitambaa, kichwa kimegeuzwa upande, uso uko wazi, na mama mkwe kakaa pembeni ananiangalia mimi nisije nikamlalia.

Ananiangalia mimi.

Hiyo nayo ilinikaa kichwani.

Peke yake na nani?

Ilikuwa asubuhi, mama ananikanda. Maji ya moto kwenye beseni, taulo anaikamua mpaka mikono yake inakuwa myekundu, mimi nimekaa kwenye kigoda najiuma midomo. Mtoto kalala kitandani mbele yetu. Wakati anakanda mama huwa anaongea, nadhani ili usisikie maumivu, na siku hiyo akawa ananisimulia alivyonizaa mimi, jinsi bibi alivyomweka ndani siku 40 hakushika ufagio, hakushika maji ya baridi, uji analetewa, supu analetewa, wao wamo chumbani tu, bibi kajinyoosha kwenye mkeka chini, shangazi anaingia anatoka, dirisha limefunguliwa upande wa shambani.

Nikauliza tu bila kuwaza, "Sasa na mimi mchana nilikuwa nalala humohumo peke yangu?"

Akaacha kukanda. Taulo ikawa inadondosha maji juu ya goti langu.

"Peke yako na nani?"

"Peke yangu, mama. Wewe uko nje na kazi."

"Kazi gani? Mwanangu nakwambia nilikuwa ndani. Mtoto mchanga ana peke yake?"

Akaendelea kukanda. Mimi sikuendelea na chochote, nilikaa pale na maji yanapoa kwenye beseni, kitu ambacho nilikuwa nakitafuta kwenye simu wiki nzima kimeshatamkwa na mtu ambaye nilikuwa nabishana naye.

Ndani ilikuwa ni watu wawili. Watatu, wanne. Ile sheria ya mtoto kukaa ndani ilikuja pamoja na mama yake, na bibi kwenye mkeka, na shangazi wa kuingia na kutoka, na dirisha. Sisi mjini tumeichukua nusu yake. Mtoto tumemwacha ndani, halafu mzazi tumemtoa. Mimi siku ya 12 nilikuwa nimeshaanza kudeki na kufua kwa sababu mama ana miguu inavimba na sikutaka ainame, kwa sababu baba mtoto alipewa siku 3 kazini ndo sheria ilivyo, siku ya nne alikuwa barabarani, na kwa sababu nyumba ya kupanga nepi zikikaa kwenye ndoo mpaka jioni watu wanaongea. Shangazi yuko Muheza. Bibi alishatangulia. Chumba kikabaki na mtoto, feni na mlango uliofungwa, na tukaendelea kukiita ndani.

Nilimwambia mama hivyo, kwa maneno ya ovyo ovyo kuliko haya. Akasema, "Basi kumbe wewe ndo ulitakiwa kurudi ndani." Nikamwambia mama siwezi, hali yenyewe unaiona. Akafikiri. Akasema, "Basi ndani tukuletee hapa."

Kona isiyoonekana mlangoni

Sebule yetu ina hatua tano kwa nne. Mlango wa mbele ukiufungua unajibamiza kwenye ukuta wa kushoto, na kona ya kulia mtu aliyesimama mlangoni haioni mpaka aingie kabisa. Mama ndo aliyeiona hiyo kona, alisimama kizingitini akajifanya mgeni, akainama huku na kule, akasema hapa. Tukafunga kamba, tukatundika kitenge nusu, upande wa mlangoni. Mgeni anaona kitenge. Aliyekaa kwenye kochi anamwona mtoto mzima mzima, aliye jikoni akigeuza shingo anamwona, na dirisha liko karibu.

Husda imezibwa na mimi naona. Kila mtu kapata chake.

Kitanda tulichongesha kwa fundi Keko, cha mbao, kidogo, fito zimekaribiana kiasi kwamba ngumi yangu haipiti, chaga ziko sawa, godoro jembamba gumu linaloenea kona zote halibakizi nafasi. Fundi alitaka kutuwekea mwinuko upande wa kichwa, akasema watoto wanapenda. Nikasema hapana fundi, iwe sawa kama meza. Kichwa kikiinuliwa kidevu kinaangukia kifuani na kooni kwake hewa inabanwa, ndo maana hata kile kiti cha gari si pa kulalia nyumbani.

Sisimizi walitusumbua. Mama akaleta dawa ya kizamani, miguu minne ya kitanda ndani ya makopo manne ya maji, sisimizi hawavuki. Ikafanya kazi vizuri mno, mpaka siku ya nne nikachungulia kopo moja nikaona vijidudu vinajinyonganyonga. Viluwiluwi vya mbu, chini ya kitanda cha mtoto! Na huyu anayezaliana kwenye makopo ndani ya nyumba mara nyingi ni yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, anayeleta dengue, kidingapopo, tulivyoteseka nayo Dar 2014 na 2019 si mnakumbuka. Sasa makopo yanamwagwa na kusuguliwa kila asubuhi, kabla ya chai, na neti inashushwa hata saa sita mchana. Watu wanashangaa neti mchana. Tumezoea mbu ni wa usiku kwa sababu wa malaria ni wa usiku.

Kliniki ya chanjo ya wiki ya sita nikamuuliza nesi, kwa aibu bado. Hakuniona mjinga. Akaingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto, chini ya kola, akasema, "Joto lake lipime hapa mama, au kifuani. Usiangalie viganja na miguu, hivyo vina ubaridi muda wote, ndo maana mnawavalisha mpaka wanaiva." Akamvua kofia akanikabidhi. Mama alikuwa pembeni anaangalia. Njiani kwenye bajaji aliingiza vidole viwili shingoni kwa mume wake mara tatu, na ya tatu akamvua na soksi.

Analala vizuri pale konani. Mchana mama anakaa kwenye mkeka pembeni anapepeta mchele, ile shaa, shaa ya ungo, akipuliza makapi, akichambua mawe anayadondosha kwenye kifuniko cha bati, ti, ti. Adhana ya adhuhuri inapita, muuza karanga na kayamba lake anapita, mashine ya kusaga ya mtaa wa pili inaanza kunguruma, mtoto mikono juu, chali, mdomo wazi kidogo. Na mimi naenda chumbani, nafunga mlango, nalala. Ule muda wangu nimeupata kwa kumwacha sehemu ambayo mtu mwingine yuko macho.

Nikiwa peke yangu nyumbani na nepi zinanisubiri, nazileta beseni mlangoni. Zikibaki mpaka jioni zinabaki. Waongee.

Siku 84

Likizo ya uzazi ni siku 84, na yangu inaisha wiki ijayo. Mama naye anataka kurudi kwake, shamba limeota majani. Kwa hiyo nimemleta binti wa shangazi yangu, ana miaka ishirini, hajawahi kulea, nikakaa naye siku mbili nikamwonyesha. Chali kila mara. Kanga humu haiingii. Makopo asubuhi. Vidole shingoni. Ukisinzia, mlaze kwanza pale ndo usinzie. Alikuwa anaitikia, "Ee dada, ee dada," na mimi nikawa naona haijaingia, naongea mambo mengi sana kwa mtu ambaye hajabeba kile kitambaa kichwani.

Juzi nikaamua nitoke. Nilimwambia naenda Temeke mara moja, mama kaenda kuaga ndugu Mbagala, kwa hiyo wamebaki wawili. Nilikaa kwenye kituo cha daladala nisiende popote. Nikarudi kabla ya muda, sikupiga hodi.

Sebule ilikuwa ya moto na kimya, feni imesimama. Ungo wa mchele uko pembeni haujaguswa. Binti kakaa chini, mgongo kwenye ukuta, mkono mmoja kaupitisha chini ya neti kashika upepeo wa ukili wa mama, anapepea taratibu, jasho linamtoka yeye, shanga za shingoni zimemgandia. Mtoto kalala, uso wazi, hana kitu mwilini zaidi ya nepi.

Nikamuuliza umeme umekatika saa ngapi.

"Saa saba hivi dada."

Niliangalia simu. Ilikuwa saa nane na robo.